Mnyama Aliyeitwa Kambale

Masika sikumtambua kwa uso. Nilimtambua kwa namna alivyochukua kalamu iliyokuwa imenigomea tangu asubuhi, akaifungua, akapuliza ndani, akaifunga, ikaandika. Niko Kasindi, mpakani, kazi yangu ni kujaza hati za forodha za malori yanayotoka Uganda, na ofisi yangu ni chumba cha mbao chenye meza moja na benchi ambalo madereva hukalia wakingoja mihuri. Mwanamke mwenye mvi alikuwa amesimama mbele yangu na karatasi za shehena ya magodoro. Akanirudishia kalamu na kuniuliza, “Zaina, bado unasemaka?” Nilipiga yowe ambalo liliwaamsha madereva wote wawili waliokuwa wakisinzia. Ilikuwa zaidi ya miaka ishirini na mitano hatujaonana. Tulikumbatiana mpaka mihuri ikaanguka chini, tukacheka, tukaiokota, tukakumbatiana tena. Kisha akatoa simu kwenye mkoba, akaiweka juu ya hati za mtu. “Nimeipata,” akasema. “Film yetu. Yote, na mwisho wake.” Nikamuuliza kama ameuangalia huo mwisho. “Niliangalia. Hapana kuniuliza.”

Mwisho huo mimi sijawahi kuuona. Niliutunga, niliutetea, karibu unirudishe kwenye cherehani, lakini kuuona sijauona. Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Beni kuja Butembo kwa shangazi yangu Mama Hadija, katika mtaa wa Bulengera, ili nijifunze kushona. Nililala katika chumba cha marobota ya vitenge. Baridi ya Butembo nilikuwa siijui, hivyo usiku nilijisogeza katikati ya marobota mawili na asubuhi niliamka nikinuka kitenge kipya. Shangazi alikuwa mfanyabiashara mwenye sauti ya kusikika soko zima, ila kwa wasichana wa nyumba yake alikuwa na sheria moja, aliyokuwa akiirudia huku akipakua mboga ya sombe: “Sauti ya binti iishie mu nyumba.” Kwangu sheria hiyo ilikuwa kumfundisha samaki kuogelea. Mimi tangu utoto niliitwa Kimya. Nilikuwa na maneno mengi kichwani na hakuna hata moja lililokuwa limewahi kupata njia ya kutoka.

Njia ilipatikana kwenye ukuta. Mwalimu wetu wa ushonaji alikuwa amepanga chumba kilichopakana na sinema ya Papa Deo, na kila alasiri nilipinda pindo huku nikisikia watu wa upande wa pili wakicheka. Nilivumilia wiki mbili, ya tatu nikaingia. Sinema yenyewe ilikuwa ghala la zamani la viazi, kuta za matofali ya udongo, mabenchi ya mbao za mikaratusi, televisheni moja juu ya kabati. Mashine ya umeme, ambayo wote tuliiita *groupe*, ilinguruma nyuma kwenye migomba. Papa Deo, mtu wa kanisa, mpole kupindukia, ndiye mwenye mali, lakini mwenye kuiendesha alikuwa binti yake Masika, rika langu. Alilala chini ya ile groupe akiwa na sketi ya ibada, akainuka na oili mpaka kwenye nyusi. Kichwa cha mashine ya kanda alikisafisha kwa pamba na marashi ya mama yake. Mpaka leo nikipita penye viazi vibichi na mtu aliyejipulizia marashi, moyo wangu unaruka.

Na sasa niseme habari ya lile sanduku. Papa Deo alikuwa ameagiza kanda za karate. Mtu wa Kampala akamletea sanduku zima, limefungwa vizuri kwa kamba, akaapa kuwa ndani ni karate tupu. Lilipofunguliwa ikawa ni filamu za zamani sana, nyeusi na nyeupe, na zote zilikuwa na habari moja: watu wenye kofia wanasafiri mbali, wanamkuta mnyama ambaye dunia inasema hayupo, wanamkamata, wanampeleka mjini wamwonyeshe. Nyoka wa ziwani aliyevutwa kwa wavu. Ndege wa pangoni mwenye mabawa ya ngozi. Jitu lililotolewa kwenye barafu likiwa na ndevu zake. Jeannot, kijana aliyekuwa akitafsiri, alitazama kanda tatu na kuweka kipaza sauti chini. “Hii hapana film, ni ndoto ya mugonjwa,” akasema, akapanda pikipiki kwenda Oicha kwa kaka yake. Papa Deo akabaki na sanduku la wanyama na ukumbi wa watu waliotaka mateke.

Jumamosi ile filamu ilienda bila mtafsiri. Watu walipiga miluzi. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani, na kwenye kioo mzungu mwenye miwani alisimama kando ya bwawa akafungua mdomo kusema kwa lugha ambayo Bulengera nzima hakuna aliyeijua. Nikasikia mtu anasema, “Anasema: mukanyage pole pole, hii matope iko na meno.” Watu wakacheka. Kisha wakanyamaza wakingoja neno linalofuata, na vichwa vyote viligeukia kwangu, ndipo nikajua mtu huyo ni mimi. Masika, pale kwenye mashine, akanisukumia kipaza sauti kwa mguu. Niliendelea mpaka mwisho, na niliporudi nyumbani sikuweza kula. Nilikuwa nimeonja kusikilizwa, na sikutaka kitu kingine.

Filamu iliyotuponza ilikuwa ya nne kutoka kwenye sanduku. Mnyama wake alikuwa na mwili wa fahali, shingo ndefu, pembe mbili na macho ya mtu aliyekosa usingizi. Ni mtu ndani ya ngozi, bila shaka. Mshono wa mgongoni ulikuwa umepinda, na mimi mwanafunzi wa ushonaji niliuona tangu mara ya kwanza, ila haukunizuia kumpenda. Walimwekea dawa ya usingizi kwenye chumvi, wakamfunga, wakampakia kwenye treni, wakamweka ndani ya nyumba ya vioo watu wenye makoti wamtazame. Nilichoka kusema “nyama, nyama” kila wakati, kama kwetu tunavyomwita mnyama yeyote. Mnyama mwenye huzuni kiasi hicho anastahili jina, nikamwita jina la kwanza lililonijia mdomoni. “Anaitwa Kambale,” nikasema.

Kosa hilo Mnande, mwenyeji wa Butembo, asingelifanya. Kwetu, Waislamu wa Beni wenye asili ya mbali, mtoto hupewa jina la kitabuni, na majina ya Kinande niliyajua kwa sauti tu, ya majirani na wateja. Lakini kwa Wanande jina ni nafasi ya mtu tumboni mwa mama yake. Mvulana wa kwanza ni Paluku. Kambale ni wa pili. Ukisema Kambale umeshasema kwamba yuko mtu mbele yake. Nilisikia ukumbi ukitikisika, kisha sauti ya mwanamke gizani: “Kumbe iko na mukubwa wake! Paluku iko wapi?” Mwingine akadakia, “Mudogo wake anafungwa, ye anaangalia tu?” Tangu hapo hawakutazama tena watu wenye makoti. Kila mlango uliofunguka kwenye filamu walinyanyuka kidogo kumwona Paluku anaingia. Na mwishoni, Kambale ndani ya vioo vyake aliinua kichwa, akageuza sikio kama aliyesikia kitu, na papo hapo kanda ikakatika. Chengachenga nyeupe zikajaa kioo chote. Masika akazima.

Zogo lililofuata lilimtoa mwalimu wa kushona nje. Mtu wa kwanza kusimama alikuwa Muzee Musubao, mzee mgomvi wa benchi la mbele ambaye filamu zote za karate alikuwa akizilala. “Binti ya Beni, unatupa Kambale bila Paluku? Ni kama kusema siku ya pili, mardi, bila lundi!” Muuza nyama mmoja akajaribu kunisaidia, akasema labda huyo Paluku alikufa zamani. Musubao akamgeukia. “Alikufa? Matanga ilikuwa lini? Nani alikula kule? Hapana kuua mutoto ya batu juu ya kusahau!” Wengi wakasema ndiyo, vraiment, haiwezekani. Papa Deo, ambaye hakuwahi kumkatalia mtu kitu, akapanda juu ya benchi na kuwaahidi kwamba Paluku atatoka dimanche, baada ya misa. Kisha akanishika mkono kando, mnyonge kuliko mimi. “Binti, nimeshasema. Kama Paluku anatoka, micro ni yako mwaka muzima. Kama hapana, donc, utarudia kushona.” Nikamwambia hakuna Paluku ndani ya filamu. “Minajua,” akasema. “Niliangalia boîte yote, kanda kwa kanda.”

Wiki ile niliishi kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani wa taifa. Sokoni watu walibishana kuhusu Paluku: yuko mjini anafanya biashara, alioa mbali, hana habari kwamba mdogo wake amekamatwa. Mama mmoja muuza vitunguu alinishauri nimpelekee barua. Jumatano, shangazi alikuwa akipakua bugali na makayabo, akasema bila kuniangalia, “Ku soko banasema kwa Deo kuko binti mwenye kuleta Paluku. Eti anasema, batu banasahau kwenda kwao. Ni mutoto ya nani ule?” Mwiba wa samaki ulinikwama kooni. Alinipiga mgongoni mara tatu, akanipa tonge la bugali nimeze zima, akaendelea na habari ya bei ya vitenge. Sikulala. Ningekosa Paluku, ningepoteza kipaza sauti. Ningempata, jina langu lingefika kwa shangazi, na angenirudisha Beni. Sikuona mlango, na bado sikutaka kuacha, na hilo lilinishangaza mimi mwenyewe niliyekuwa sijawahi kung'ang'ania kitu.

Ijumaa nilikuwa jikoni kwa akina Masika, tunamenya viazi. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao, na upande wa pili Papa Deo na Musubao walikuwa wakinywa kasiksi, pombe ya ndizi. Tuliacha visu. “Bazungu balisema ile nyama ni hadisi,” Musubao alikuwa akisema. “Okapi! Sisi tulikuwa tunaisikia ikitembea kila siku. Nikiwa kijana njo nilibeba moja. Bakaitengenezea sanduku ya miti, batu kumi na mbili chini, pori ya kule mbele ya Oicha. Siku ya kwanza, asubuhi, tunakuta majani tulikata inje, ingine imekuliwa. Na miguu ingine mu matope, kandokando. Siku ya pili, vile vile. Kulikuwa ingine inatufuata.” Papa Deo akamuuliza kama waliiona. “Hata siku moja. Haitembeake katikati ya njia. Mais kila mutu alijua: iko mu njia. Hata ile ya sanduku ilijua. Ilikuwa inageuza sikio.” Alimeza funda la kasiksi. “Siku ya ine sanduku tukaikuta wazi.” Papa Deo akauliza ni nani aliyekuwa amefunga kamba. “Miye,” Musubao akasema, na tukamsikia anacheka peke yake, taratibu. “Nilifunga kama mutu mwenye kuchoka.”

Masika na mimi tulitazamana. Nikamwuliza zile chengachenga za mwisho wa kanda zinachukua muda gani kabla mashine haijasimama yenyewe. “Dakika ine, hivi. Mimi nazimaka haraka juu ni mbaya ku macho.” Nikamwambia dimanche asizime. Alikuwa na kiazi mkononi, akakigeuza, akakigeuza, kisha akaelewa, akakitupa hewani na kukidaka. “Na sauti,” akasema. “Nitapandisha sauti mpaka mwisho.”

Dimanche watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja, na nguo zao za misa. Kulikuwa na kina mama watatu kwenye nafasi ya wawili, na madirisha yote yalikuwa na vichwa. Nilitafsiri tangu mwanzo, na nilijua wananivumilia tu. Nikafika kwenye chumvi, kwenye treni, kwenye vioo. Mikono yangu ilikuwa na jasho hata nikashika kipaza sauti kwa ncha ya mtandio. Kambale akainua kichwa. Akageuza sikio. “Amesikia kitu,” nikasema, na kanda ikakatika, na zile chengachenga zikalipuka na ule mlio wake mkubwa, shhhhh, kama Masika alivyoahidi.

“Hapana kusimama!” nikapiga kelele. “Hii sauti munasikia ni majani. Ni pori inafunguka. Hii vumbi munaona ni ya miguu yake. Alitoka mbali, alitembea kandokando ya treni, hapana mutu alimuona. Kambale anaita mukubwa wake: Yaya! Yaya! Musiangalie katikati. Mukubwa hatembeake katikati ya njia. Muangalie pembeni.” Wote waliinamisha vichwa kutazama pembeni mwa kioo. Nilihesabu pumzi zangu, tatu, nne, tano, na moyo ukaanza kunishuka, kwa sababu mimi mwenyewe sikuona chochote ila chengachenga.

“Ule pale!”

Sauti hiyo ilitoka nyuma, na ningeitambua hata ndani ya maji. Mama Hadija, shangazi yangu, alikuwa amesimama juu ya benchi la mwisho na mtandio wake wa Idi, kidole kimenyooka. “Namuona! Pembe yake ile, ku mukono ya kuume! Ni mukubwa!” Na hapo kila mtu akamwona. Walisimama wote. Mama wa vitunguu aliona mgongo, muuza nyama aliona mkia, mtoto mmoja alisema Paluku amemtazama. Benchi la tatu lilivunjika na waliokuwa juu yake hawakujali. Musubao alikuwa amefika kwenye kioo, mikono yote juu, machozi yanamtiririka huku anacheka: “Paluku, fungua kamba! Fungua kamba!” Nikasubiri. Nikataka nikae ndani ya dakika ile maisha yangu yote. “Amefungua,” nikasema. “Banaenda.” Masika akazima groupe, na kwenye ule ukimya wa ghafla kina mama wakapiga vigelegele vilivyosikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Nilirudi nyumbani kama mwizi. Shangazi alikuwa ameshafika, ameshapika. Akanipakulia wali, akachagua paja la kuku, lile ambalo hupewa mgeni, akaliweka kwenye sahani yangu. Tukala. Mwishowe akanawa mikono na kuuliza, “Ile Paluku. Pembe yake ni moja ao mbili?” Nikamwuliza yeye aliona ngapi. “Moja. Ingine ilivunjika mu safari.” Nikasema basi ni moja. Akakubali kwa kichwa kama mtu aliyemaliza biashara vizuri. “Asubuhi utashona. Kiisha midi utaenda kwa Deo. Na kunywa chai, sauti yako imekauka.” Ile sheria ya sauti ya binti hakuirudia tena, na wala hakusema ameiondoa.

Nilitafsiri sanduku zima mwaka ule. Hakuna mnyama wa Papa Deo aliyebaki amefungwa: nyoka wa ziwani alipewa dada aliyeitwa Masika, hata mwenye jina alinichukia wiki nzima, na jitu la barafu lilipewa mama. Mwaka uliofuata televisheni ikaungua, Papa Deo akaweka kinu cha kusaga mihogo palepale, nami nikarudi Beni na cheti cha ushonaji ambacho sijakitumia hata siku moja. Ninaishi kwa kusema. Kutwa nzima ninabishana na watu wa forodha kuhusu kitu kilichomo ndani ya sanduku ambalo hawajalifungua, na wananiamini. Musubao amekufa, Papa Deo amekufa, na shangazi nilimzika mwenyewe miaka sita iliyopita. Siku ya matanga yake wauza vitenge wawili walibishana nyuma yangu kama ilikuwa pembe moja au mbili, nikalia na kucheka kwa wakati mmoja, na sikuona aibu.

Sasa Masika alikuwa ameegemeza simu kwenye kidau changu cha wino. Picha ilikuwa safi mno, mshono wa mgongoni uliopinda ulionekana uzi kwa uzi. Madereva wawili wa benchi wakasogea. Wakaja wengine watatu kutoka nje, na mmoja wao, kijana Mnande wa Lubero mwenye ndevu zisizotimia, akaingiza kichwa katikati yetu. “Mama, banasema nini?” akaniuliza. Masika akanitazama, akainua macho kwenye paa. Nikakohoa kidogo. “Wanasema wakanyage pole pole,” nikaanza, kisha koo likakumbuka njia yake. “Hii matope iko na meno. Na ile nyama munaona kule, anaitwa Kambale.”

Kijana hakuondoa hata jicho kwenye simu. “Na Paluku?”

Masika alinifinya mkono chini ya meza mpaka ikauma. Tulipita chumvi, tukapita treni. Hati za watu zilikaa bila mihuri na hakuna aliyezidai. Tukafika kwenye vioo, na Kambale akainua kichwa, akageuza sikio. Hapa ndipo dunia ilipokuwa ikiishia Bulengera. Lakini kwenye simu picha haikukatika. Mlango mkubwa ulianza kufunguka nyuma yake, na nikaona kiatu cha mtu, na mtutu wa bunduki. Kidole cha Masika kikatua juu ya kioo. Kambale akasimama vilevile, sikio limegeuka, mlango haujafunguka wote. Madereva wakapiga kelele, eh, juu ya nini, iendelee. Masika akazima simu, akaitia mkobani, akafunga zipu.

“Mais mama,” yule kijana akanililia, “Paluku iko wapi?”

Nje malori yalikuwa yamepanga mstari mpaka kwenye kona. Nilichukua mhuri wangu, nikaupulizia.

“Iko mu njia,” nikamwambia.